Delhi: Viti vya Enzi Vimeanguka, Visima Vimebaki

Ukiteremka kutoka Chawia hadi Mwatate, kisha ukaishika njia ya Taveta, utapita Bura na baadaye utafika Maktau. Hapo Maktau pana makaburi ya askari waliotoka Bara Hindi, wakafia katika nchi yetu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Na huko walikotoka, katika mji mkuu wa India, limesimama lango la mawe lenye kimo cha mita 42, na juu yake yamechongwa majina ya nchi walikofia askari hao. Ufaransa imo, Mesopotamia imo, Uajemi imo, na Afrika Mashariki imo.

Mji wa Delhi, basi, umebeba juu ya paji la uso wake jina la ardhi hii tunayoikanyaga kila siku. Wengi wetu tunaujua mji huo kwa filamu na vitambaa vya harusi tu. Lakini historia yake ina mafunzo makubwa kwa familia ya Kiislamu, na hasa kwa akina mama, kwa kuwa wanawake wana sehemu kubwa ndani yake. Tukiisoma kwa utulivu tutaona jambo moja likijirudia karne baada ya karne: kilichojengwa kwa ajili ya fahari ya mtawala huanguka upesi, na kilichojengwa ili watu wanywe, wasome, wasali au walale salama hudumu hata baada ya aliyekijenga kusahauliwa.

Mji uliojengwa mara saba

Desturi ya wenyeji ni kuihesabu Delhi kuwa miji saba, kwa sababu watawala wake kila mmoja alitaka kujenga mji wake karibu na ule wa aliyemtangulia. Watu walikaa hapo zamani sana, lakini usultani wa Waislamu ulianza baada ya vita vya Tarain vya mwaka 1192. Jemadari Qutbuddin Aibak, ambaye alianza maisha yake akiwa mtumwa, ndiye aliyeanza kuujenga Mnara wa Qutb, unaokaribia mita 73 na ambao bado umesimama. Aliyemfuata, Shamsuddin Iltutmish, naye pia alikuwa mtumwa kabla ya kuwa sultani. Alitawala tangu 1211 hadi 1236, akaifanya Delhi kuwa makao makuu ya dola.

Iltutmish aliendeleza mnara, lakini alifanya na jambo jingine. Karibu na mwaka 1230 alichimba bwawa kubwa la maji kwa ajili ya watu wa mji, likaitwa Hauz-i-Shamsi. Yasimuliwa kuwa mahali pake alioneshwa usingizini. Bwawa hilo lingalipo katika kitongoji cha Mehrauli. Sisi wa Voi na vijiji vyake, tunaoijua thamani ya mtungi mmoja wa maji wakati wa kiangazi, tutaelewa kwa nini watu walilipenda.

Radhia binti Iltutmish

Jina la Radhia ni jina ambalo wasichana wengi wa pwani yetu wanalo. Mwenye jina hilo katika historia ya Delhi alikuwa binti ya Iltutmish. Baba yake alipokwenda vitani alimwachia mji auangalie, naye akauangalia vizuri. Aliporudi akaona kuwa wanawe wa kiume wanapenda anasa, na kwamba binti huyu ndiye mwenye uwezo. Akamtaja yeye kuwa mrithi.

Alipofariki mwaka 1236 wakuu wa jeshi hawakulikubali neno hilo, wakamweka kaka yake. Kaka hakudumu hata mwaka mmoja. Watu wa Delhi wenyewe wakamwinua Radhia, akatawala tangu 1236 hadi 1240. Sarafu zilipigwa kwa jina lake. Mwanahistoria wa zama zake, Minhaj-i-Siraj Juzjani, aliyemjua kwa karibu, alimsifu kuwa mwenye hekima, mwadilifu na mkarimu, kisha akasikitika kuwa sifa zote hizo hazikumfaa kitu machoni mwa watu kwa kuwa hakuzaliwa mwanamume.

Miongoni mwa aliowapandisha cheo alikuwamo Jamaluddin Yaqut, Mhabeshi, mtu wa upande wetu wa bahari, aliyepewa usimamizi wa farasi wa sultani. Wakuu wa Kituruki waliokuwa wakigawana vyeo wao kwa wao waliona uchungu kuwa mgeni mweusi anakaribishwa karibu na kiti cha enzi. Uasi ukazuka mwaka 1240, Yaqut akauawa, Radhia akafungwa. Aliolewa na Altunia, gavana aliyekuwa amemfunga, wakakusanya jeshi kuurudia mji, wakashindwa, naye akauawa mwaka huohuo.

Kaburi linalosemwa kuwa lake limo ndani ya vichochoro vya Delhi ya kale, karibu na lango la Turkman. Halina kuba wala paa. Wapitaji wengi hawajui kuwa hapo amelala mwanamke aliyeitawala dola.

Ngome ya sultani na kisima cha walii

Yapata miaka themanini baada ya Radhia, mtawala mwingine, Ghiyasuddin Tughluq, alianza kujenga ngome kubwa mno, Tughlaqabad, yenye kuta nene za kutisha. Wakati huohuo, mwaka 1321 au 1322, mwanachuoni mpendwa wa mji, Sheikh Nizamuddin Auliya, alikuwa akichimba kisima cha ngazi ili watu wa mtaa wake wapate maji. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kuwa sultani aliwataka mafundi wote wamjengee ngome yake tu. Mafundi wakawa wanajenga ngome mchana, na usiku wanachimba kisima kwa mwanga wa taa. Sultani akakataza wasiuziwe mafuta. Hapo, wasema wasimulizi, maji ya kisima yakawaka ndani ya taa kama mafuta.

Hicho ni kisa cha wasimulizi, na kila mtu atakipokea kwa namna yake. Lakini yaliyofuata si kisa. Sultani alifariki mwaka 1325 alipoangukiwa na banda la mbao lililojengwa kumpokea akirudi safarini. Ngome yake ilihamwa baada ya miaka michache tu, na leo ni magofu na vichaka. Sheikh Nizamuddin alifariki mwaka huohuo. Kisima chake kina maji mpaka leo, karibu miaka 700 baadaye. Mwaka 2008 sehemu ya ukuta wake ilipoanguka, kilitengenezwa tena, kwa sababu watu bado wanakihitaji.

Kadhi aliyepita Mombasa

Mwana wa Ghiyasuddin, Muhammad bin Tughluq, alikuwa msomi mkubwa na mtu wa haraka mno. Mwaka 1327 aliamua kuhamishia makao makuu Daulatabad, kusini kabisa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akawalazimisha wakuu, wanachuoni na familia zao kuhama. Wazee na watoto walifia njiani. Baada ya miaka michache aliona kuwa mpango haufai, akawaruhusu warudi.

Habari za mtawala huyu tunazipata kwa mtu ambaye sisi wa pwani tunamjua vyema: Ibn Battuta wa Tanja. Mwaka 1331 hivi alilala Mombasa usiku mmoja, akasifu uchaji wa watu wake na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, kisha akaendelea hadi Kilwa. Miaka michache baadaye aliwasili Delhi, na sultani akamfanya kadhi. Mtu aliyetia udhu Mombasa ndiye aliyekaa kuhukumu katika mji mkuu wa India.

Ibn Battuta aliandika kuwa sultani alipoamuru mji uhamwe, kipofu mmoja aliburutwa njia nzima mpaka ukafika mguu wake tu. Wanahistoria wa leo huona kuwa alitia chumvi. Hata hivyo, uchungu ulioko ndani ya simulizi hiyo ni wa kweli: mtawala anaweza kuhamisha kiti chake kwa siku moja, lakini mama mwenye watoto na mgonjwa nyumbani hawezi.

Wanawake waliojenga

Mwaka 1398 Timur aliivamia Delhi na kuichinja. Ikainuka polepole, na mwaka 1526 Babur, wa ukoo wa Mughal, akauteka usultani. Katika zama hizi za Mughal ndipo mikono ya wanawake inapoonekana waziwazi katika ujenzi wa mji.

Wa kwanza ni Maham Anga, mama mlezi wa Mfalme Akbar. Mwaka 1561 alijenga msikiti wa Khair-ul-Manazil, na kuuzunguka ua wake akajenga vyumba vya madrasa. Msikiti huo bado upo.

Wa pili ni Bega Begum, mjane wa Mfalme Humayun. Mumewe alifariki mwaka 1556 baada ya kuanguka katika ngazi za maktaba yake. Bibi huyu alikwenda kuhiji Makka, na aliporudi watu wakamwita Haji Begum. Yeye ndiye anayetajwa kwa kusimamia ujenzi wa kaburi la mumewe, jengo lenye kuba kubwa katikati ya bustani, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1570. Wataalamu wa majengo huliona kuwa ndilo lililotangulia na kuifungulia njia Taj Mahal ya Agra. Tutalirudia jengo hili, maana lina kisa mbele.

Wa tatu ni Jahanara, binti ya Shah Jahan na Mumtaz Mahal. Baba yake alianza mwaka 1639 kujenga mji mpya wenye ngome nyekundu, na msikiti mkuu wa Ijumaa ukakamilika mwaka 1656. Mkewe mmoja, Fatehpuri Begum, akajenga msikiti wake mwisho wa barabara kuu. Jahanara naye alipanga soko la Chandni Chowk, lililopitiwa na mfereji wa maji katikati, na akajenga nyumba kubwa ya kupokea wafanyabiashara wasafiri. Soko hilo linauza mpaka leo. Huenda baadhi ya vitambaa vinavyofika Mombasa vimepitia humo. Alipofariki mwaka 1681 hakuzikwa chini ya kuba. Alizikwa karibu na Sheikh Nizamuddin, yule mchimba kisima, katika kaburi lililo wazi juu, lenye nyasi.

Kiti cha tausi na kaburi lenye kimbilio

Shah Jahan alikuwa na kiti cha enzi kilichopambwa kwa dhahabu na vito, kikaitwa Kiti cha Tausi. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliiteka Delhi, akaua watu wengi kwa siku moja, na akakichukua kiti hicho. Hakikurudi tena.

Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliasi dhidi ya Waingereza na kumfanya mzee Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa Mughal, kuwa kiongozi wao. Waingereza walipoutwaa mji tena mwezi Septemba, mzee huyo mwenye umri wa miaka 80 na zaidi hakukimbilia ngome. Alikimbilia kaburi la Humayun, jengo la Haji Begum, na hapo ndipo alipokamatwa. Alihamishiwa Rangoon pamoja na mkewe Zinat Mahal, akafia huko mwaka 1862. Wakazi wa Delhi walifukuzwa, na Waislamu ndio waliocheleweshwa zaidi kurudi. Msikiti wa Ijumaa ulikaa mikononi mwa jeshi mpaka mwaka 1862. Nyumba ya wasafiri ya Jahanara ilibomolewa.

Miaka 90 baadaye, mwaka 1947, India na Pakistan zilipogawanywa, damu ilimwagika tena Delhi. Familia za Kiislamu zilitoka majumbani mwao usiku, mama wamebeba watoto na mabunda. Makumi ya maelfu walikimbilia Ngome ya Kale na bustani za kaburi la Humayun, wakalala humo kwa wiki na miezi. Wengine walisafirishwa Pakistan, wengine walirudi nyumba zao. Haji Begum alikuwa amekufa zaidi ya karne tatu na nusu, na wageni wake walikuwa bado wanalala chini ya kuta zake.

Mji wa Waingereza na makaburi ya Maktau

Tarehe 12 Desemba 1911 Mfalme George wa Tano alitangaza kuwa makao makuu ya India yatahama kutoka Calcutta kwenda Delhi. Mji mpya ulichorwa na Edwin Lutyens na Herbert Baker. Huyu Baker ndiye aliyechora pia jengo la Ikulu ya Nairobi. Ulizinduliwa Februari 1931, na kila mtu aliudhani utakuwa wa karne nyingi. Mwezi Agosti 1947 Waingereza walikuwa wameondoka. Walikaa katika mji mkuu wao mpya kwa miaka 16 na nusu.

Ndani ya mji huo ndimo lilimo lile lango tulilolitaja mwanzo. Lilifunguliwa tarehe 12 Februari 1931. Wataita wa makamo watashangaa kusikia kuwa siku hiyo ilitimia miaka 15 kamili tangu vita vya kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli ya haraka kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Maktau ili kupeleka jeshi. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia Salaita wakashindwa, na kikosi cha Wabaluchi cha 130, chenye Waislamu wengi, ndicho kilichosimama imara wenzao walipokuwa wakirudi nyuma. Baadhi ya wenzao wa jeshi hilo la India ndio waliolala Maktau.

Lango la Delhi lina majina ya askari zaidi ya 13,000, lakini mengi ni ya waliofia mpakani kaskazini-magharibi mwa India. Waliofia huku kwetu wamewakilishwa na jina la nchi tu. Na karibu na lango hilo palikuwa na sanamu ya Mfalme George chini ya kibanda cha mawe. Iliondolewa mwaka 1968, na kibanda kikakaa kitupu zaidi ya miaka 50.

Nani atawaandika wetu?

Ndugu msomaji, hapa ndipo historia ya Delhi inapobisha hodi mlangoni kwetu. Askari wa Kihindi wa Maktau wana makaburi yanayotunzwa, na wana lango lililoitaja nchi walikofia. Lakini mizigo yao ilibebwa na nani? Ilibebwa na wapagazi wa nchi hii, vijana waliokusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, wakafa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariakor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zina sanamu za ukumbusho wa vita hivyo, lakini hakuna hata moja yenye majina yao. Mfalme hakuona haja ya kuyachonga.

Basi kazi hiyo imebaki kwa familia. Vita hivyo vimepita zaidi ya karne moja, na wazee waliosikia habari zake kwa vinywa vya baba zao wanapungua kila mwaka. Mama wa nyumba, ambaye ndiye mara nyingi ajuaye nani ni mtoto wa nani, anaweza kuchukua daftari la shule lisilojaa, akae na babu au bibi baada ya sala ya Alasiri, amuulize: Baba yako aliitwa nani? Na baba yake? Nani katika ukoo huu aliondoka wakati wa vita asirudi? Kisima cha mtaa wetu kilichimbwa na nani? Nani aliyetoa kiwanja cha madrasa? Aandike jina kamili, mahali, na jina la aliyemweleza. Daftari hilo liwekwe pamoja na hati za ndoa na za shamba, na mtoto mkubwa ajue liko wapi.

La pili ni kufanya kama alivyofanya Maham Anga na kama alivyofanya yule sheikh wa kisima. Si lazima tuwe na mali ya ufalme. Tangi moja la maji ya mvua katika ua wa msikiti, chumba kimoja cha madrasa, mkeka na taa kwa wasichana wanaosoma usiku: vitu hivi, vikiwekwa wakfu kwa maandishi na mashahidi, ndivyo sadaka isiyokatika. Wakfu mwingi wa wazee wetu wa pwani umepotea kwa sababu ulitamkwa tu bila kuandikwa, na mrithi wa tatu akauuza bila kujua.

Watoto watakapopita Maktau safari nyingine, wakiwa ndani ya gari kuelekea Taveta, waelezwe ni nani wamelala pale na walitoka mji gani. Kisha waelezwe pia ni nani waliobeba mizigo yao, na kwa majina, ikiwa daftari la nyumbani litakuwa limekwisha kuandikwa.